Miwa Ndani ya Tangi la Gari

Kila bei ya petroli inapopanda husikika sauti zikisema tuendeshe magari kwa alkoholi ya miwa kama Wabrazili. Kabla ya kuiga, yafaa tujue yaliyowapata wenzetu.

Mafuta yalipopanda bei ghafla duniani mwaka 1973, Brazil iliagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje, lakini miwa ilikuwa tele. Novemba 1975 serikali ya Jenerali Ernesto Geisel ikaanzisha mpango wa alkoholi ya magari. Utengenezaji wenyewe si siri. Maji ya miwa, au molasi, huchachushwa, kisha huchemshwa na mvuke wake hupozwa ukakusanywa. Wapika gongo wa kwetu wanaijua njia hiyo bila kusomea chuoni!

Alkoholi kidogo ikichanganywa na petroli, injini ya kawaida huimudu. Ikitumika peke yake, injini hutengenezwa maalumu. Fiat iliuza gari la namna hiyo huko mwaka 1979, na katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari mapya tisa katika kila kumi yalikuwa ya alkoholi.

Tatizo halikutoka kwenye injini. Mwaka 1986 mafuta yalishuka bei, na serikali ikabana malipo kwa wazalishaji. Sukari ilipopanda, wenye viwanda wakaigeuzia miwa ile ile kwenye sukari. Hatimaye alkoholi ikaadimika, madereva wakapanga foleni kwa magari yasiyoweza kutumia petroli. Nani angenunua tena gari kama hilo? Mwishoni mwa miaka ya 1990 mauzo yake yalikuwa karibu yamekufa.

Imani ilirudi mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol inayotumia petroli, alkoholi, au vyote viwili katika tangi moja. Sasa mwenye kuchagua ni dereva. Kwa kuwa lita ya alkoholi ina nguvu pungufu kwa takriban theluthi, hupiga hesabu kituoni: bei yake ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, hujaza petroli.

Kenya nayo ilichanganya petroli na alkoholi ya Muhoroni katika miaka ya 1980, na mpango huo haukudumu. Basi anayetushauri leo tujenge mitambo atueleze kwanza: sukari ikiadimika madukani, miwa itapelekwa wapi, na mwenye gari atajaza nini?