Kodi, Ruzuku na Haki ya Mtoto wa Mnyonge

Utangulizi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye nguvu huishi kwa kazi yake. Lakini Azimio hilo hilo liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, wazee wasiojiweza, wenye ulemavu, na wale ambao dola kwa wakati fulani haikuweza kuwapa kazi. Tunaanza na jambo hili kwa sababu wapo wananchi wanaosema kwamba kumpa fedha mama maskini mwenye watoto ni kumfundisha uvivu. Hatuna budi kueleza msaada huo ni nini, unatoka wapi, na ni nani hasa anayeamua umfikie nani.

Njia ya kodi

Nchi zenye viwanda vingi na mishahara mingi zimetumia sana njia ya kodi. Uingereza ilianza kulipa posho ya familia mwaka 1946. Mwaka 2003 ikaanzisha nafuu ya kodi ya watoto, ambayo ilikoma Aprili 2025 baada ya nafasi yake kuchukuliwa na mfumo mwingine wa posho. Nafuu hiyo ilisimamiwa na idara ya kodi yenyewe, kwa kuwa idara hiyo ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu za mapato ya wananchi.

Kwetu hali ni nyingine. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Juu ya kiwango hicho, mwenye watoto sita na asiye na mtoto hukatwa sawa ikiwa mishahara yao ni sawa. Lakini hata nafuu ya watoto ingewekwa, ingemfaa nani? Mkulima wa Ruanda, mkoani Songwe, anayelima mahindi na kahawa na kufanya vibarua kwa jirani, hana hati ya mshahara. Huwezi kumpunguzia mtu kodi ambayo hakatwi.

Hii haina maana kwamba mkulima huyo halipi kodi. Anaponunua sabuni dukani, bei yake imebeba kodi ya ongezeko la thamani, ambayo tangu mwaka 2009 ni asilimia 18. Hadi mwaka 2003 alidaiwa pia kodi ya maendeleo, iliyohesabu vichwa vya watu wazima bila kujali idadi ya watoto waliokizunguka chungu. Kwa hiyo ruzuku inapomfikia mkulima maskini si sadaka. Ni sehemu ya jasho la wananchi, na lake likiwemo, inayorudi kulea watoto wa taifa.

Njia ya ruzuku

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2010 ulianza majaribio ya kulipa fedha kwa kaya maskini katika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na awamu yake ya pili Februari 2020. Kaya zaidi ya milioni moja zimepitia mpango huo.

Tutazame hesabu yake ilivyokuwa katika awamu ya kwanza. Kila kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye watoto iliongezewa 4,000. Yenye mtoto wa chini ya miaka mitano aliyepelekwa kliniki ilipata 4,000 nyingine. Mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa 2,000, na wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, mradi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Basi mama mwenye mtoto mchanga, mmoja wa darasa la tatu na mmoja wa kidato cha pili alipata 24,000 kwa mwezi, yaani 48,000 katika malipo ya kila miezi miwili. Wenye nguvu walipewa pia ajira za muda katika miradi ya kijiji, kwa shilingi 2,300 kwa siku, zisizozidi siku 60 kwa mwaka.

Fedha hizo hazimfanyi mtu tajiri wala mvivu. Hutosha debe la mahindi wakati ghala limekwisha na mavuno hayajafika, au daftari na sare ili mtoto asirudishwe nyumbani.

Mkutano wa kijiji

Mahali pasipo na hati za mshahara, nani atamtambua maskini? Mpango uliweka hatua tatu. Kwanza, wananchi wenyewe katika mkutano wa kijiji walizitaja kaya maskini sana. Pili, kaya hizo zilijaziwa dodoso kuhusu nyumba, mifugo, mali na wategemezi. Tatu, orodha ilirudishwa mkutanoni ikathibitishwa mbele ya wote.

Hapa ndipo penye uzito. Mkutano ukihudhuriwa na wachache, orodha itakuwa ya wachache. Mjane anayeishi pembezoni na anayeona haya kuitwa maskini hatatajwa, na shemeji wa kiongozi atatajwa. Aidha, masharti ya kliniki na shule ni mema, lakini yanaweza kumwadhibu yule yule aliye mbali na zahanati au ambaye mtoto wake ni mgonjwa. Mama aliyekatwa fedha lazima aelezwe sababu, na malalamiko yake yasikilizwe.

Hitimisho

Tusisahau kwamba sehemu kubwa ya fedha za mpango ilitokana na mikopo ya Benki ya Dunia. Mikopo hiyo italipwa kwa kodi za watoto hao hao wakishakua. Shilingi inayoingia kaya isiyostahili ni deni analobebeshwa mtoto ambaye hakula. Kwa hiyo wajibu wetu ni kuhudhuria mkutano, kumtaja jirani asiyeweza kujisemea, kudai orodha isomwe hadharani, na kukataa jina lisilostahili hata likiwa la ndugu yetu.