Nyonga Bandia na Mfupa Unaoliwa Kimya Kimya

Mkazi wa Songea aliyebadilishwa nyonga Dar es Salaam akianza kuumwa paja baada ya miaka kadhaa, huwaza kwanza safari: kona za Lukumburu, Njombe, Makambako, Iringa, zaidi ya kilomita 900 hadi Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI. Basi hununua dawa ya maumivu dukani na kungoja mavuno yapite. Huko kungoja ndiko kunakomgharimu mfupa.

Tatizo la kiungo bandia kusagika na mfupa kuliwa lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Mwingereza John Charnley aliwawekea wagonjwa vikombe vya nyonga vya tefloni. Vikasagika ndani ya miaka michache, ikabidi awapasue tena. Mwaka 1962 akahamia polithilini, plastiki ngumu inayotumika hadi leo. Nayo husagika, ila polepole. Seli za kinga humeza vumbi lake, zikashindwa kulimeng'enya, na hapo huamsha seli zinazokula mfupa. Mgonjwa anatembea, analima, hana habari. Mara nyingi maumivu huja kiungo kikishalegea.

Eksirei huwahi kuona. Daktari hutafuta mstari mweusi mwembamba kati ya kiungo bandia na mfupa, akiulinganisha na picha ya zamani. Ukizidi kupanuka, mfupa unakwenda.

Kiungo kilicholegea hubidi kibadilishwe, na upasuaji huo wa pili ni mzito kuliko wa kwanza. Lazima kwanza ijulikane kama kuna bakteria, kwa kuwa nao hula mfupa. Wakiwepo, mara nyingi kiungo hutolewa na saruji yenye antibaotiki hukaa mahali pake kwa wiki kadhaa. Kisha pengo lililoachwa na mfupa ulioliwa hujazwa. Madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walianza mwaka 1979 kutumia vichwa vya mifupa ya paja vilivyotolewa kwa wagonjwa wengine na kugandishwa: hukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, hushindiliwa kwa nyundo mpaka vikabana, na kikombe kipya huwekwa juu kwa saruji. Taratibu mfupa hai huota humo. Pengo likiwa kubwa mno, hutumika tantalamu, metali yenye vitundu ambamo mfupa hujipenyeza.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi, maana selimundu huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kijana, na nyonga ya kijana ina miaka mingi ya kusagika. Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ilianza mwaka 2005 daftari la taifa la waliobadilishwa viungo, na kufa kwa mfupa kwa kukosa damu kulionekana kuwa sababu kubwa ya upasuaji wa nyonga. Daftari la namna hiyo, likitunzwa, humwezesha daktari kumwita mgonjwa kabla hajaanza kuchechemea.

Kama nyumbani kwenu kuna mwenye nyonga bandia, msingoje alalamike. Mpelekeni akapigwe eksirei papa hapa mkoani, na picha zake za zamani zisibaki kabatini.