Mwenyeji ni nani? Ardhi, kabila na utawala katika nchi yetu



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita, swali moja linarudi kila mara: «Hapa tulipokimbilia tunaitwa wageni. Tuna haki gani?» Viongozi wa mahali nao wanauliza: «Tukiwapa mashamba, kesho hawatatutawala?» Maswali yote mawili yana mzizi mmoja, tena wa zamani kuliko vita hivi.

Zamani mtu aliweza kuhamia kwa mwami mwingine, akatoa heshima yake (kwa Bashi ilikuwa kalinzi, mara nyingi ng'ombe), akapata shamba na kuhesabiwa kuwa mtu wa pale. Wabelgiji walitaka mipaka na majina ya kuandika katika vitabu vya kodi. Kwa dekreti ya 1933 walipanga vijiji katika sultani na sekta. Usultani ulikuwa wa jamii moja na mkubwa wake wa mila. Sekta ilikusanya jamii ndogo mbalimbali. Tangu hapo ardhi, kabila na mkubwa vikafungwa pamoja kwa kamba moja. Na serikali hiyohiyo ikawahamisha watu! Kuanzia 1937 ilileta familia kutoka Rwanda hadi Masisi, na kampuni ya madini ya Katanga ikachukua wafanyakazi Kasai.

Wengi wanadhani ugomvi wa wenyeji na wageni ni habari ya uraia tu. Ni kweli uraia ulichezewa: sheria ya 1972 iliwapa watu wengi wa asili ya Rwanda na Burundi, ile ya 1981 ikawanyang'anya, na ya 2004 ikaweka kipimo kingine, yaani makabila yaliyokuwa katika nchi siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Katiba ya 2006 inasema vilevile katika kifungu cha 10. Lakini tukumbuke Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengine wakiwa wamezaliwa palepale. Hakuna aliyesema si Wakongomani. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka 1990, viti na kazi vikagombaniwa, na neno «mwenyeji» likawa silaha nyepesi mkononi mwa wanasiasa.

Sheria ya leo imefungua ile kamba, ingawa vijijini wachache wameambiwa. Kifungu cha 30 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Cha 13 kinakataza ubaguzi wa kabila. Cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, kwa hiyo shamba uliloliacha halikomi kuwa lako kwa sababu ulikimbia risasi.

Kwa viongozi: kiti cha mwami ni jambo tofauti. Sheria ya 2008 inasema mkubwa wa usultani anateuliwa kwa mila, kisha serikali inamtambua. Mkimbizi akilima bondeni kwako miaka kumi, hapati kiti hicho kwa jembe lake. Hofu juu ya kura ina msingi zaidi, maana wabunge wanachaguliwa kwa wilaya na kila aliyeandikwa pale anahesabiwa. Lakini mara nyingi anayepoteza ni mkimbizi mwenyewe. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi wala Rutshuru sababu ya vita.

Shida kubwa imebaki katika ardhi. Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, ikaahidi amri ya Rais kwa mashamba ya mila. Miongo ikapita bila amri hiyo. Ndiyo maana familia ina neno la mwami, na tajiri wa mjini ana cheti, juu ya shamba lilelile.

Kwa hiyo mkikubaliana shamba la kulima kwa muda, msiishie kwenye maneno. Andikeni mipaka, miaka, na kile kinachotolewa kwa mwenye shamba. Mashahidi wa pande zote mbili watie sahihi, wanawake wakiwemo, maana wao ndio wanaolima. Nakala moja ibaki kwa mkubwa wa kijiji, moja kwa mwenye shamba, moja kwa familia iliyohama.