Kabla ya kusema 'tupatane hapo saa moja', uliza kuhusu ngazi

Ni Ijumaa jioni, mshahara umeingia na grupu ya WhatsApp imechangamka. Mmoja anataka nyama choma, mwingine kuku na chipsi. Wewe unataka tu mahali penye muziki mzuri na bei isiyoumiza. Mnakubaliana: saa moja, ile joint mpya ya ghorofa ya kwanza. Kisha yule mwenzenu anayetumia kiti cha magurudumu anaandika, "Nyinyi endeni tu, leo nimechoka."

Unaamini amechoka? Mimi niliamini. Nina rafiki kama huyo, na kwa miaka miwili nilidhani hapendi kutoka. Siku tuliyomshawishi akaja, tulikuta ngazi tatu mlangoni. Mhudumu akatuambia sisi, si yeye, "Hakuna shida, tutambeba." Wanaume wanne wakamwinua na kiti chake. Watu wakaacha kula wakatazama. Mmoja hata alitoa simu arekodi.

Ndani, meza zilikuwa zimebanana, kwa hivyo akaketi katikati ya njia, akisogea kila sahani ilipopita. Usiku kucha hakugusa kinywaji. Nilipomuuliza, akajibu, "Nikinywa nitataka kwenda msalani, na ule mlango nishauona."

Hebu fikiria. Umelipa pesa sawa na wengine, lakini kiu lazima uivumilie mpaka ufike nyumbani.

Usidhani hili ni suala la huruma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo yote ipasavyo, na pia usafiri wa umma na habari. Sheria ya watu wenye ulemavu tumekuwa nayo tangu 2003, na mwaka 2025 ikaja mpya. Kwenye karatasi tuko sawa. Shida iko mlangoni.

Na mara nyingi dawa yake si ghali. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni hiki: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Ngazi moja ya sentimita 15 basi inataka rampu ya sentimita 180, yaani chini ya mita mbili. Mlango wenye nafasi ya sentimita 80 hivi unapitisha viti vingi. Kupanga meza ziachane ni bure kabisa. Ile rampu ya mbao iliyosimama wima kama ukuta haisaidii mtu, ni hatari.

Sasa, wewe ndiwe unayechagua mahali. Piga simu kabla ya kuweka nafasi na uulize maswali manne: Kuna ngazi ngapi mlangoni? Kama ni ghorofani, lifti inafanya kazi? Kiti cha magurudumu kinaingia chooni na mlango ukafungika? Kuna meza ambayo mtu anaweza kuingiza magoti chini yake? Ukijibiwa "tutambeba", jua jibu ni hapana. Waambie hivyo, na uwaambie mnapeleka pesa zenu kwingine. Mwenye biashara husikia lugha hiyo haraka.

Mkifika, usishike kiti cha mtu bila kumuuliza. Na mhudumu akikuuliza, "Yeye atakula nini?", mwambie amuulize mwenyewe.

Siku hizi sisi hukutana kwenye kibanda kimoja mtaani. Hakina muziki wala taa za rangi, ila sakafu yake iko sawa na barabara, na choo cha jirani kina mlango mpana. Juzi rafiki yangu alifika kabla yetu sote, akaagiza chai. Alipomaliza, akaagiza kikombe cha pili.