Nzige wa lini, na wapi? Jinsi kompyuta inavyojibu kabla hawajaruka

Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, katika uvamizi mbaya zaidi nchini kwa miaka 70, wakulima wengi waliona ndege za kunyunyizia dawa. Kazi iliyotangulia ndege hizo haikuonekana. Kila taarifa ya nzige ilihitaji kuandikwa mahali, tarehe na hali yao: wenye mabawa, wanaotaga au tunutu. Shirika la FAO lilitoa programu ya simu, eLocust3m, iliyonasa latitudo na longitudo ya mahali wadudu walipoonekana.

Afisa anayepanga safari za ndege haulizi tu nzige wako wapi. Mayai hutotoa baada ya wiki mbili hivi, na tunutu huchukua mwezi au zaidi kabla ya kuota mabawa. Kwa hivyo swali lake ni hili: ndani ya kilomita 50 kutoka hapa, ni wapi nzige walionekana wakitaga wiki tatu hadi tano zilizopita? Hapo ndipo tunutu wanaruka-ruka ardhini sasa, na dawa huwapata kwa urahisi. Wakishapaa, kundi la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000, na laweza kwenda kilomita 100 kwa siku.

Kulijibu swali hilo upesi kunahitaji faharasa, yaani mpangilio unaoiwezesha kompyuta kufika kwenye rekodi inayotakiwa bila kusoma zote. Mwenye duka anaijua shida hii. Daftari la madeni lililoandikwa kwa tarehe humwambia mara moja nani alikopa jana. Akitaka wadeni wa kijiji kimoja, atafunua kila ukurasa.

Mahali pana ugumu wa ziada. Ukipanga rekodi kwa latitudo peke yake, Nanyuki, iliyo kwenye ikweta, itakaa jirani na Gabon na kisiwa cha Sumatra.

Mwaka 1984 Antonin Guttman, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza njia iitwayo mti wa R. Rekodi zilizo karibu hutiwa katika mstatili mmoja, na mistatili jirani ndani ya mstatili mkubwa zaidi. Ukiuliza habari za Isiolo, kompyuta huupita mstatili wa Turkana bila kuufungua. Ukiongeza muda, mstatili hupata kimo na kuwa sanduku, kama ghala la ghorofa: siku za zamani chini, leo juu.

Shida huja kwa mambo ya kudumu. Nzige walioonekana asubuhi ni nukta tu, lakini mkataba wa kukodi shamba kwa miaka 10 ni nguzo inayopenya ghorofa nyingi. Masanduku huingiliana na kompyuta hufungua mengi bure. Kwa taarifa za tukio la siku moja, kama nzige au maziwa yaliyopokewa, naona heri kuzigawa kwa mwezi kwanza, kisha kupanga kila mwezi kwa mahali. Si njia ya kujivunia, ila chama cha ushirika chaweza kuimudu: PostGIS, programu inayofanya kazi hii ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, hutolewa bure tangu 2001. Angalizo moja: iandikwe tarehe ya kuona, si ya kutuma. Taarifa iliyokaa kwenye simu wiki nzima kwa kukosa mtandao itaangukia ghorofa isiyo yake.

Njia nyingine ni geohash ya Gustavo Niemeyer, ya mwaka 2008, inayogeuza mahali kuwa msimbo wa herufi na tarakimu. Sehemu zilizo karibu kwa kawaida huanza na herufi zilezile. Kwetu ina mtego: nchini Kenya, misimbo ya kaskazini mwa ikweta huanza na s, ya kusini na k. Mashamba mawili yanayotazamana karibu na kibao cha ikweta pale Nanyuki yataonekana kana kwamba yako mbali sana. Programu iliyotengenezwa vizuri hukagua pia maeneo jirani. Ukiuziwa ya kufuatilia malori au vituo vya maziwa, mwambie muuzaji akuonyeshe vituo vya wiki iliyopita ndani ya kilomita tano kutoka kibao hicho, kisha uhesabu kama vya pande zote mbili vimetokea.