Unauzia wanachuo? Fuata kalenda ya bumu

Kuna swali linarudi rudi sana inbox: "Naishi karibu na chuo, wanafunzi ni maelfu, naposti kila siku, mbona hawanunui?" Leo tuliongelee hilo, maana naona watu wanashusha bei mpaka wanakula mtaji, na shida wala haiko kwenye bei.

Mimi nauza sendo na mabegi ya mgongoni mtandaoni hapa Dar, na wateja wangu wengi wapo UDSM na Ardhi. Mwanachuo hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana bumu. Hela ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilikuwa 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ikapanda kuwa 10,000. Lakini haitoki kila siku, inakuja kwa mkupuo. Mwenye mkopo kamili akilipwa ya siku 60 anashika 600,000 mara moja. Wiki ile ni tajiri kukuzidi wewe. Wiki ya saba anagawana chipsi na mwenzake. Sasa wewe unamposti begi la 35,000 wiki ya saba, halafu unasema wanachuo hawana hela!

Kabla hela haijaingia, wanafunzi husaini. Kati ya kusaini na kuingia kwa hela huwa kuna siku kadhaa, na hizo ndizo siku zako. Hapo mtu anapanga kichwani atanunua nini. Mimi ndipo naposti mzigo mpya, nachukua oda, na anayetaka nimtunzie anatanguliza hata 5,000. Hela ikishaingia sina kazi ya kutafuta wateja, nina kazi ya kupeleka tu. Ukisubiri mpaka iingie ndipo uanze kuposti, wenzako wameshaimaliza.

Utajuaje wamesaini? Tafuta mwanafunzi mmoja mwenye watu. Mara nyingi ni CR, kiongozi wa darasa, kwa sababu anasimamia grupu la WhatsApp la kozi nzima. Usimuombe akutangazie bure, mpe chake kwa kila kilichouzika. Mimi natoa 2,000 kwa kila begi. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zimejengwa kuchukua wanafunzi 3,840. Ukiwa na mtu mmoja ndani anayevaa sendo zako na kuulizwa "umenunua wapi?", hilo tangazo huwezi kulilipia Instagram.

Huyo huyo anakuokoa kwenye usafiri. Boda ya 3,000 kwa sendo za 12,000 inamkatisha mteja tamaa. Oda tano zikienda pamoja, kila mmoja anabeba 600. Kwa hiyo sipeleki kila siku. Napeleka Jumatano na Jumamosi, sehemu moja, saa moja inayojulikana, na wanaoishi chumba kimoja wakichukua watatu nawapelekea bure. Ukiwa Dodoma hesabu hii ndiyo muhimu zaidi, maana UDOM imetapakaa, kutoka kitivo kimoja kwenda kingine ni safari.

Na jamani, andikeni bei kwenye posti. "Bei njoo DM" inamkimbiza mwanachuo kuliko bei kubwa. Anahisi unataka kumpima, na wengine wameshalizwa na maduka hewa, hawataki mazungumzo marefu na mtu wasiyemjua. Piga picha mzigo wako mwenyewe, hata kama imepauka kidogo. Kwangu meseji nyingi huingia kuanzia saa tatu usiku, wakiwa wametulia vyumbani. Ukilala na kujibu asubuhi, ameshanunua kwingine.

Sasa mkopo. "Dada nikipata bumu nakulipa" utaisikia sana. Wengi ni waaminifu kabisa, ila bumu linaweza kuchelewa, na UE zikiisha mtu yuko Bukoba, simu inaita na hela yako imekaa kule. Mtaji wa laki tatu ukishika madeni kumi ya elfu kumi na tano, nusu nzima imelala. Mimi nafanya kibubu: analipa kidogo kidogo kwenye lipa namba, begi linakaa kwangu mpaka amalize. Anayeshindwa katikati narudishia hela yake. Hili nalisema wazi mwanzoni, na ndilo linalowafanya waniamini.

Sio wote wana mkopo wa Bodi, wapo wanaotumiwa hela na nyumbani. Hao wanunue wakati wowote, lakini usijaze mzigo kwa ajili yao.

Almanaka ya chuo huwekwa kwenye tovuti yao, ipakue kabla hujaenda Kariakoo. Vyuo vikifunguliwa, Oktoba au Novemba, mwaka wa kwanza wanataka ndoo, neti, shuka, soketi ya waya mrefu. Mara nyingi mzazi ndiye analipa, kwa hiyo andika tangazo ambalo mama yake atalielewa. UE zikikaribia punguza kununua mzigo, watu wanasoma. Na wakifunga mwezi wa saba usiwafute kwenye simu. Wengi wanaenda field, wanakaa maofisini wiki kadhaa, na sendo hazikubaliki huko. Mwezi wa sita ndipo natafuta viatu vya kufunika, vyeusi, saizi 38 mpaka 43.