Zawadi ya Usiku

Somo: Mathayo 6:1–4



Leo twende pamoja mpaka Italia ya kusini, katika mji wa bandari uitwao Bari. Karibu na bahari liko kanisa kubwa la mawe la ndugu zetu Wakatoliki. Lilianza kujengwa baada ya mwaka 1087, likawekwa wakfu mwaka 1197. Linaitwa kwa jina la Nikolasi, naye ndiye anayehesabiwa kuwa mlinzi wa mji huo.

Lakini Nikolasi hakuwa mtu wa Bari. Alikuwa askofu wa Mira katika karne ya nne, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Msomaji wa Biblia anaujua mji huo. Katika Matendo 27:5–6, Paulo akiwa mfungwa alifika Mira, na hapo akapandishwa merikebu nyingine iliyokuwa ikienda Italia. Miaka elfu moja baadaye, mifupa ya Nikolasi nayo ilisafiri kutoka Mira kwenda Italia. Waturuki walikuwa wameitwaa nchi ile, na mabaharia wa Bari wakaenda wakafungua kaburi, wakaichukua mifupa na kuipeleka kwao. Walifika tarehe 9 Mei 1087. Mji ukajenga kanisa juu yake, na wasafiri wakaanza kuja kutoka mbali.

Hata leo, kila mwaka tangu tarehe 7 hadi 9 Mei, Bari yote husimama. Watu huvaa mavazi ya kale na kuandamana kwa ngoma, wakionyesha jinsi mabaharia walivyofika. Siku ya pili sanamu ya Nikolasi hupandishwa chomboni na kupelekwa baharini, na watu huifuata kwa mashua zao. Waorthodoksi nao, hasa wa Urusi, huja kusali penye kaburi hilo.

Sasa, ukiitazama sanamu yake utaona ameshika kitabu, na juu ya kitabu mna tufe tatu za dhahabu. Maana yake nini? Yako mapokeo ya kale, nayo hayamo katika Biblia, kwamba palikuwa na mtu aliyekuwa tajiri akafilisika. Alikuwa na binti watatu. Katika nchi ile baba wa msichana ndiye aliyetoa mali ili binti yake aolewe, na huyu hakuwa na kitu. Alifikia hatua ya kutaka kuwatoa binti zake wakauze miili yao. Nikolasi aliposikia, alikwenda usiku akatupa mfuko wa dhahabu dirishani. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Mara ya tatu yule baba alikesha, akamkimbilia, akamshika. Nikolasi akamwapisha asimwambie mtu yeyote maadamu yeye yu hai.

Wapendwa, sisi hatuwaombi watakatifu waliokufa, kwa maana mpatanishi wetu ni mmoja, Kristo Yesu. Na Paulo aliwaita watakatifu waamini waliokuwa hai pale Filipi. Hata hivyo Waebrania 13:7 inatuagiza tuwakumbuke waliotuongoza na kuiga imani yao. Basi, tuige nini kwa Nikolasi? Mtu aliyeomba anyamaziwe sasa anachukuliwa kwa ngoma. Kabla hatujawacheka watu wa Bari, tujitazame.

Kwa nini alikwenda usiku? Kwa sababu baba yule alikuwa na aibu yake. Mchana angepata dhahabu na kupoteza heshima. Nasi je? Katika harambee zetu jina la mtoaji husomwa penye kipaza sauti, na makofi hupigwa kwa kadiri ya shilingi. Pengine mtoto wa mjane husimamishwa mbele ya kanisa ili wote wamwone anayelipiwa karo. Karo imelipwa, ni kweli. Lakini mtoto huyo atakaaje Jumapili ijayo kati ya wenzake?

Sisemi hesabu za kanisa zifichwe. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8:20–21, alitaka mchango ulindwe na watu waaminifu, mambo yawe sawa mbele za Mungu na mbele za wanadamu. Fedha na ijulikane imekwenda wapi. Jina la mtoaji na uso wa mhitaji ndivyo vifunikwe. Haya mawili hayagombani: mweka hazina aandike kila senti, na mwenye kutoa arudi nyumbani kimya.

Msikilizaji, juma hili yuko mtu karibu nawe ambaye mlango wake umefungwa kwa aibu. Huenda alikuwa na duka, likafa. Hatakuja kuomba. Mtafutie dirisha. Ukimsaidia, usimwambie hata rafiki yako. Baba yako aonaye sirini ameona, na hiyo yatosha.

Tuombe. Ee Bwana, wewe ulikuwa tajiri ukawa maskini kwa ajili yetu. Utuponye na kiu ya kusifiwa. Utufundishe kutoa bila kumwaibisha mtu. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.